Kidonge Cheupe cha Asubuhi

Mshonaji alimwona kwa macho yake. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alisimama jikoni, akachomoa kidonge cheupe kwenye kisahani cha asubuhi na kukitia mfukoni. Kisha akaja na kisahani huku akitabasamu.

"Dawa zako, mama."

Kilibaki kidonge chekundu tu, cha kuongeza damu. Mshonaji alikimeza kwa maji.

Kuanzia hapo akawa hana raha. Usiku mkwe alimletea kidonge cheupe, cha mifupa, baada ya chakula. Ni kilekile, au kimebadilishwa? Akakificha shavuni, akakitema kwenye leso. Kesho yake, akitafuta unga kabatini, akakuta chupa kubwa ya vitamini imefichwa nyuma ya debe. Chupa aliyoletewa na binti yake! Aliambiwa imekwisha, kumbe imejaa nusu.

"Huyu ananimaliza polepole," alijisemea.

Hakumwambia mwanawe. Angemtetea mkewe, angemtetea nani mwingine? Alijifunga mtandio, akaweka leso na chupa zote kwenye kikapu, akaenda duka la dawa.

Mfamasia alikigeuza kidonge, akasoma maandishi ya chupa zote.

"Hiki ni kalsiamu, mama, hakina ubaya. Ila usikimeze pamoja na hiki chekundu. Chekundu ni madini ya chuma, na kalsiamu inakizuia kisiingie mwilini vizuri. Viachanishe, kama mlivyofanya. Na hii chupa kubwa ina chuma tena, na vitamini A kibao. Hospitali wamekupa chuma cha kutosha. Ukijirundikia, ini linaumia."

"Nani alikwambia tumeviachanisha?"

"Mkweo. Alikuja na chupa hizihizi, akauliza mpaka nikachoka."

Mshonaji alirudi nyumbani uso umemshuka. Mkwe alikuwa anaanua nguo.

"Kwa nini ulinificha?"

Mkwe alielewa papo hapo. Akashusha nguo kwenye beseni. "Ningekwambia vitamini za wifi uziache, ungenisikiliza?"

Mshonaji alifikiri. "Ningesema una kijicho."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Lakini mwili ni wangu. Usinichomolee vitu kwenye sahani kama mtoto mchanga. Nilidhani unaniua, unasikia?"

Mkwe alitaka kucheka, akamwona macho yamelowa, akaacha. "Nisamehe."

Jioni binti alipiga simu. Mshonaji alimweleza kwamba vitamini zake ameziacha. Sauti ya upande wa pili ikabadilika.

"Nani kakukataza? Yeye, siyo?"

Mkwe, aliyekuwa akimenya viazi kando yake, alisimamisha kisu.

"Nimeuliza mwenyewe duka la dawa," mshonaji alijibu. "Na wewe, ukileta kitu siku nyingine, niulize kwanza ninameza nini."