Kichaka cha Katikati

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Kinyozi, ingawa hakuwahi kushika kichwa cha mtu. Alinyoa mashamba. Ukiwa na kiwanja kilichogeuka makao ya nyoka, au shamba la urithi lililotwaliwa na miiba wakati ninyi ndugu mnagombana, ulimwita yeye. Alikuja na tingatinga lake la manjano, na akishaondoka ulisimama mwanzo wa kiwanja ukaona mwisho wake, ukashangaa ulikuwa unaogopa nini. Ubavuni mwa lile tingatinga alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu maneno aliyoyatunga mwenyewe, na ole wake aliyeyacheka:

Pori lako likileta nyoka,
Niite mimi, litaondoka.

Majivuno alikuwa nayo, wala hakuyaficha. "Wenzangu wanapangusa, mimi nanyoa," alikuwa akisema. "Ukikuta kisiki nilipopita, nikate mguu uupande hapo." Alipiga picha kabla ya kazi, akapiga picha baada ya kazi, na zile picha aliwaonyesha watu hata msibani.

Basi Kinyozi akapenda. Alimpenda muuguzi wa zahanati aliyemfunga jeraha la msumeno na kumwambia, bila hata kumtazama usoni, "Umezoea kukata vya wenzako, leo umejikata mwenyewe. Tulia." Akatulia. Mwaka ukapita, bado ametulia.

Baba wa muuguzi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mji mzima, mkewe akiwa humo, ulimwita Mkuu. Mkuu alikuwa na sifa moja iliyozidi zote: alikuwa anajenga. Alianza kujenga binti yake akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Nje ya mji, pale barabara ya vumbi inapopiga kona, palikuwa na pori lililofungamana hata mbuzi wakalikwepa, na nyumba ya Mkuu ilikuwa humo ndani. "Imefika kwenye linta," alisema mwaka hadi mwaka. "Bado kupaua tu." Jirani akiomba mchango wa harusi, Mkuu alishika kiuno: "Ndugu yangu, si unajua ujenzi?" Mpwa akija na shida ya karo: "Ujenzi, mwanangu, ujenzi." Na kwa kuwa mtu anayejenga hachangishwi wala hakalishwi nyuma, Mkuu alikalia viti vya mbele miaka yote hiyo kwa nguvu ya nyumba ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

"Mbona hufyeki, Mkuu?" walimuuliza.

"Nifyeke wezi wazione mbao zangu? Pori ni mlinzi asiyesinzia."

Watu walitikisa vichwa. Msomi huyo, bwana.

Wakati mlinzi akilinda, Mkuu na mkewe walikaa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako vumbi la saruji liliingia dirishani na kulala juu ya kila kitu, hata juu ya maziwa. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke mfupi aliyezungumza huku pini zimepangwa mdomoni. Akizitoa, ujue jambo ni zito.

Alizitoa siku Mkuu aliposema watu wa Kinyozi waje kujitambulisha hapo hapo vyumbani.

"Wakwe hatuwapokei nyuma ya duka," alisema. "Tutawapokea kwetu, shambani. Si nyumba imefika kwenye linta? Tutafunga turubai juu, tukae sebuleni kwetu kama watu."

"Kuna pori, mama watoto."

"Na huyo anayemtaka mwanao anafanya kazi gani? Anauza soksi?"

Kinyozi alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mama alimgeukia. "Wewe. Jumamosi wageni wakifika, nataka nisimame barabarani nione nyumba yangu. Ukibakiza kichaka cha kumficha hata kuku anayetaga, binti huna."

"Mama, mimi siachi kisiki," Kinyozi alisema, kifua mbele. Hakuona Mkuu alivyokitazama kile kifua.

Siku iliyofuata, mchana, watu wote wakiwa wamekwenda kula, Mkuu aliingia karakana ya Kinyozi akitembea kama aliyepotea njia.

"Kijana, lile shamba lina nyoka."

"Ndiyo kazi yangu, Mkuu. Soma hapo ubavuni."

Mkuu alisoma. Alikunja uso akitafuta kosa la kusahihisha, akalikosa. "Lina nyuki."

"Nitawafukiza."

"Lina kaburi la babu yangu."

"Mkuu, si ulisema shamba ulilinunua kwa mtu baki?"

"Babu alikuwa mtembezi."

Kinyozi alimeza kicheko, kikamkwama. Mkuu aliketi juu ya tairi kuukuu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na vioo vikabaki na ukungu vile vile. "Fyeka pembeni kote unavyotaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'oa, choma, nyoa. Lakini kichaka cha katikati usikiguse. Ukikigusa, binti huna."

Akaondoka, akimwacha Kinyozi na binti mmoja na vitisho viwili. Jioni Kinyozi alimfuata muuguzi kwenye lango la zahanati, akamweleza.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa kamba," muuguzi alisema, "baba huku, mama kule, wanavutana? Hakuna aliyeniuliza mimi?"

"Nakuuliza mimi. Nifanyeje?"

"Kanyoe shamba. Baba aliniahidi chumba chenye dirisha la mashariki, jua liniamshe. Nilikuwa nikipanga vitu vyangu humo kichwani, kitanda huku, meza kule. Nimezeeka nacho kile chumba, Kinyozi. Nataka nikione."

"Na kama hakuna?"

"Basi nijue hakuna, niache kukipanga."

Jumamosi, jua halijapata ukali, tingatinga likanguruma. Mafundi wengine huanza upande mmoja wa shamba wakamalizia upande wa pili. Kinyozi hakufanya hivyo. Yeye alilizunguka pori kutoka nje kwenda ndani, duara juu ya duara, kama mtu anayemenya chungwa, maana kwa njia hiyo takataka zote zilisukumwa nje na picha ya mwisho ilipendeza. Mtindo huo ulikuwa na jambo moja tu: kila chenye miguu kilikimbilia ndani. Katika duara la mwisho Kinyozi aliwahi kukuta panya, sungura, kenge, na siku moja mwizi wa kuku pamoja na kuku wake. Ila hakuwahi kulihesabu hilo kuwa kasoro.

Wageni waliwahi kufika. Waliongozwa na mjomba wa Kinyozi, mzee mwenye fimbo ya kutembelea ambaye miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Fimbo ilikuwa ya kusisitizia maneno. Mama aliwakalisha kwenye sehemu iliyokwisha kunyolewa, juu ya viti vya kuazima.

"Na mkwe mwenzangu yuko wapi?" Mjomba aliuliza.

"Ametangulia kuandaa nyumba," Mama alijibu. Kwa kweli Mkuu aliondoka alfajiri bila kuaga, na koti lake la shughuli.

Duara likapungua. Miti ilianguka, miiba ikasagika, sungura akatoka mbio, wageni wakampigia makofi. Mjomba alinyoosha shingo.

"Mama mkwe, nyumba iliyofika kwenye linta si ingekuwa imeshachungulia?"

"Labda iko bondeni," mtu alisema.

"Bonde gani? Hapa ni tambarare kama meza."

"Nyumba za kisasa ni fupi," mwingine akadakia, na watu wakacheka, lakini vicheko vyao vilikuwa na macho.

Pori likabaki kichaka kimoja tu, cha mviringo, chenye upana wa nyumba ya kawaida. Kinyozi aliligeuza tingatinga, akalielekeza katikati, akainua beleshi la mbele. Alikuwa amekwisha amua. Yeye ni Kinyozi, hawezi kuacha doa mbele ya watu wake kwa ajili ya babu mtembezi. Mkuu akinuna, na anune. Akaingiza gia.

Kwa kuwa kiti chake kilikuwa juu, yeye peke yake aliweza kuona ndani.

Koti la shughuli lilikuwa limetundikwa tawini. Chini yake palikuwa na msingi wa nyumba, mweusi kwa kuvu, na mti ulioota pale ambapo pangekuwa sebule ulikuwa umekwisha kuwa na matunda. Juu ya msingi, upande mmoja tu, palikuwa na mstari mfupi wa matofali mapya, udongo ukiwa bado mbichi, umepinda kama mkia wa mbwa. Na mwisho wa mstari huo alikuwa amepiga magoti mwalimu mkuu mstaafu, suruali ya kitambaa kizuri imelowa matope, mwiko mkononi. Alikuwa akishindana na tingatinga tangu alfajiri.

Mkuu aliinua uso. Wakatazamana.

Angelia, Kinyozi angepita. Angeomba, pengine angepita pia, maana majivuno yana sikio moja tu na lile limeziba. Lakini Mkuu hakulia wala hakuomba. Alichukua tofali jingine, akalipaka udongo, akalipanga, akaligongagonga kwa mpini wa mwiko, polepole, kama mtu mwenye miaka mingi mbele yake.

"Malizia, Kinyozi!" watu wake walipiga kelele, simu zimeinuliwa kupiga picha. "Malizia!"

Kinyozi alizima mashine.

Akateremka, akafuta mikono kwenye suruali. "Mashine imezima," alisema.

"Imezima, au umeizima?" Mjomba aliuliza. "Hili hili lisiloacha kisiki?"

"Limechoka, Mjomba."

Mjomba alilitazama shamba lote jeupe, akakitazama kile kichaka kilichosimama peke yake katikati, akapiga fimbo chini. "Jamani! Mpwa wangu amelinyoa shamba kiduku!"

Wageni walicheka mpaka kiti kimoja cha kuazima kikavunjika. Kinyozi alisimama akalipokea lile jina jipya usoni kama kofi. Mama alimsogelea.

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba binti sina."

"Na bado umezima?"

"Nimezima, Mama."

Muuguzi aliinuka kitini. Hakumtazama mama yake wala Kinyozi. Alivua viatu, akainua gauni, akapenya kichakani. Kicheko kikafa. Watu walisikia matawi, kisha sauti yake ikatoka humo, ikitetemeka, na mtu asingeweza kusema kama ilikuwa ya kilio au ya kicheko:

"Mama! Chumba changu chote ni dirisha!"

Mama akaingia. Wageni walishika viti vyao wakingoja mayowe. Mjomba, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliilaza fimbo mapajani.

"Mkuu," walimsikia Mama akisema, taratibu kabisa. "Hilo tofali limepinda. Litoe. Na timazi liko wapi? Unajenga kwa kukisia?"

"Ulijua?" ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Mwanamume wewe, nimelala ukuta mmoja na duka la saruji tangu huyu mtoto hajaota meno ya pili. Nilisikia kila mtu wa mji huu akinunua mfuko. Wewe sikukusikia hata siku moja."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nikachoka, nikaleta tingatinga."

Alipotoka alikuwa na matope mikononi, akayapangusa mbele ya wageni bila haya. "Wakwe," alisema, "nyumba ipo. Inaendelea. Karibuni chai." Kisha akamgeukia Kinyozi, aliyekuwa bado amesimama kama kisiki. "Na wewe, kwa kuwa umejua kuzima, binti utampata. Lakini siku nyumba itakapofika kwenye linta. Linta ya kweli, mtu aipige kichwa aumie."

Muuguzi alitokeza uso kati ya majani. "Na mimi sijaulizwa tena?"

"Haya, unamtaka?"

"Namtaka," alisema. "Ila aje na matofali."

Ile picha ya "baada ya kazi" Kinyozi hakumwonyesha mtu. Haikusaidia, watu wake walikuwa na zao, na mji mzima ulimwita Kiduku. Alingoja wateja wamkimbie. Badala yake alikuja mstaafu wa posta, akanong'ona. Akaja mwenye duka la vitambaa, naye akanong'ona. Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, aliyefunga mlango wa karakana nyuma yake.

"Mwanangu, nasikia una mtindo mpya. Ule wa kuacha katikati. Na mimi nina kashamba, kuna jengo langu mle."

"Limefika kwenye linta?"

Mwenyekiti alishtuka. "Umejuaje?"

Jioni hiyo Kinyozi alikuwa shambani, bila shati, akibeba matofali kuyaingiza kichakani, kwa sababu Mkuu aliomba kichaka kisiondolewe mpaka ukuta uzidi kimo cha mtu, na Mama alikubali. Mkuu alikuwa ameketi juu ya tofali, timazi likining'inia mkononi, na mbele yake hapakuwa na safu yoyote ya viti. Kinyozi alimsimulia habari za mwenyekiti.

Mkuu alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. "Mwambie," alisema akifuta macho kwa kiwiko, "aanze na timazi."

"Tofali!" muuguzi aliita kutoka upande wa mashariki, ambako ukuta ulikuwa umemfika magotini. "Mnacheka nini huko? Tofali, Kiduku! Au hutaki kuoa?"