Mwulizeni Huyo Petersen

Mtoto akikuambia kazi imekwisha upesi, mama, uliza nani kaimaliza. Shamila wa Mtendeni hakuuliza.

Binti yake Sheima alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akiandika utafiti juu ya wapagazi waliobeba pembe kutoka Tabora hadi pwani. Msimuliaji hakumtafuta mbali. Bibi Zuwena, aliyemzaa Shamila, alikuwa nyumba hiyo hiyo, na akili zake timamu kuliko za vijana. Akamsimulia jinsi babu yake, Salmini, alivyoshikwa na ndui njiani upande wa Kaliua, msafara ukamtupa porini kama mzigo uliooza, na mwanamke asiyemjua akamficha ghalani hadi akapona.

"Haya nimepewa na mama, na mama kapewa na baba yake, mwenye makovu," Bibi alisema. "Nawe useme umepewa na mimi. Hata madrasa neno likisemwa, aliyelitoa hutajwa. Ukikata jina langu, umenikata mimi."

"Bibi nawe! Nikukate nina wazimu?"

Na kweli, mwanzoni Sheima aliandika kwa mkono wake, kila kisa na jina la Bibi chini yake. Shamila alimwona, moyo ukatulia. Ila siku ya kukabidhi ilipokaribia wenzake wakamcheka. "We Sheima, marejeo unaandika kwa mkono? Treni ipo, wewe umejitwika pembe!" Wakamwekea programu ya kompyuta inayopanga marejeo yenyewe. Programu ikamtafuta Bibi isimjue: hana mchapishaji, hana mwaka. Ikamtoa, na mahali pake ikaweka kitabu cha Mzungu aitwaye Petersen. Sheima hakurudia kusoma. Akamwambia mama yake kazi imekwisha, akakabidhi.

Mwalimu wake akakisaka kitabu kile, hakipo popote. "Kitabu umebuni, na kisa umebuni," akamwambia. Sheima akalia, akasema kisa ni cha bibi yake. "Basi anithibitishie mwenyewe. La sivyo, shahada usahau."

Shamila akaingia chumbani kwa Bibi na simu, mwalimu anasubiri. "Mama, nakuomba. Sema ndiyo tu."

Bibi akaiweka simu sikioni. "Mwalimu, hapo kwenye karatasi pameandikwa nani?"

"Petersen, bibi."

"Basi mwulizeni huyo Petersen. Huenda ni babu yake aliyeugua ndui." Akairudisha simu.

"Mama! Umemwangamiza mtoto!"

"Mimi? Mimi humo simo."

Utafiti ukafutwa. Sasa Sheima yupo nyumbani, anachambua mchele na mama yake. Kila alasiri humpelekea Bibi chai, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Macho ya Bibi Zuwena hayana ukungu hata kidogo. Sheima huinua uso kumtazama mama yake pale mlangoni, amjibie, na Shamila huangalia chini, kwenye ungo.