Sahihi ya Pili

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Phoebe Kwamboka aliingia wodi ya wanaume, akaweka kikombe chake cha karak, chai nzito ya maziwa, dirishani, akapita kitanda hadi kitanda akikusanya fomu za insulini za jana na kuzipiga muhuri wa tarehe. Karak ile ilikuwa tamu kupita kiasi. Huu ulikuwa mwaka wa pili akiinunua kwenye kibanda kilekile nje ya lango la hospitali, na hajawahi kumwambia muuzaji apunguze sukari. Ndivyo alivyokuwa. Neno lilimfika kooni, likageuka, likarudi lilikotoka.

Mchana alikuwa muuguzi wa zamu kama wengine. Asubuhi alimfanyia kazi Daktari Laban, Mkenya mwenzake katika nchi ile ya Waarabu, aliyekuwa akichunguza kama dawa za hatari huwa salama zaidi zikikaguliwa na wauguzi wawili. Fomu ilikuwa na safu mbili. Anayechoma sindano anatia sahihi ya kwanza, na mwenzake aliyeitazama dozi kwa macho yake anatia ya pili. Kazi ya Phoebe ilikuwa kuhesabu sahihi.

Alhamisi hiyo, alipofika kitanda cha kumi na moja, mkono ulitoka chini ya shuka ukaishika fomu kabla yake.

"Samahani, sista. P. Kwamboka ndiye nani?"

Aliyeuliza alikuwa Onyango, mlinzi wa duka moja kubwa, mkazi wa kambi ya wafanyakazi wa kigeni ya Industrial Area, aliyelazwa siku nne kwa ugonjwa wa sukari. Jana jioni alikuwa ametokwa jasho ghafla, akatetemeka, akaanza kuongea maneno yasiyoungana, mpaka alipotiwa glukosi mshipani. Wodi nzima ilisema hakula vizuri.

"Ni mimi," Phoebe akajibu.

"Kumbe ni wewe wa muhuri!" Onyango akacheka kidogo. "Jina lako nimeliona kwenye fomu zangu siku zote nne. Lakini anayekuja na sindano ni yule sista mrefu, peke yake. Nikawa najiuliza, huyu Kwamboka ni malaika ama?"

Phoebe alinyosha mkono aichukue fomu.

"Usiogope, sitaenda kwa mudiri, mkubwa wenu. Hata sisi walinzi tuna kitabu cha doria. Unaandika umezunguka jengo mara tatu na makalio hayajatoka kwa kiti." Akaiachilia fomu. "Ila mimi nalinda televisheni na viatu, sista."

Phoebe alisimama na ile karatasi mkononi. Kwa mara ya kwanza hakuihesabu, aliisoma. Daktari wa wodi alikuwa ameipunguza dozi jana adhuhuri, kutoka yuniti kumi na sita hadi sita. Chini yake, kwa mwandiko wa Cherotich, yule sista mrefu, iliandikwa kumi na sita. Na pembeni, katika safu ya pili, sahihi ya Phoebe mwenyewe ilikuwa imetulia na mkia wake mrefu.

Aliitia saa nane mchana, mwanzo wa zamu, muda wa zaidi ya saa tatu kabla sindano haijavutwa. Wauguzi wa kutoka nyumbani waliuita mtindo huo kupeana jina. Zamu ikianza, wewe unanijazia safu yangu ya pili na mimi nakujazia yako, halafu kila mtu anakwenda kwa wagonjwa wake. Haukuwa uvivu. Wagonjwa walikuwa wengi, na kumsimamia mwenzako akivuta dawa kulikuwa kama kumwambia hajui kazi. Nani angemfanyia hivyo dada anayelala naye chumba kimoja mtaani Al Thumama, anayempikia ugali Ijumaa?

Alimkuta Cherotich kwenye chumba cha dawa, akamwekea fomu mbele. Cherotich aliisoma mara mbili.

"Kwani alikufa?" akauliza kwa ukali.

"Hapana."

"Basi? Si ameamka, anaongea, anataka mkate?" Kisha sauti ikamshuka. "Mikono yake ilikuwa inaruka, Kwamboka. Nilimshika hivi. Nikawa namwambia ungekula, baba, kwa nini hukula. Na ilikuwa mimi."

"Ilikuwa sisi."

"Unataka kufanya nini nayo?"

"Sijui. Daktari Laban anawasomea wakuu wa hospitali matokeo leo saa nne."

"Ukisema, khalas, imekwisha. Vibali vyetu vya kazi vinafutwa, tunapanda ndege moja ya kurudi nyumbani mimi na wewe." Cherotich akamtazama, kisha akatabasamu vibaya. "Lakini wewe utasema nini? Hata karak ya sukari kidogo imekushinda kuagiza."

Phoebe alichukua fomu yake akatoka. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Daktari Laban alikuwa ofisini, tai imelegea, akipanga slaidi. Mezani kulikuwa na barua ambayo Phoebe aliijua. Wodi nzima iliijua. Ilimpa nafasi ya kusomea upasuaji Ulaya, na jibu lilitakiwa kabla ya siku kwisha.

"Tisini na saba kwa mia!" akamwambia kabla hajaketi. "Wiki kumi na mbili, na dozi tisini na saba katika kila mia zimekaguliwa na watu wawili. Unajua wakuu wanataka kufanya nini? Fomu yetu inaenda wodi zote. Yule msimamizi anayezunguka kukagua dozi ataondolewa, hatahitajika tena."

"Ataondolewa?"

"Wa nini tena? Ushahidi ndio huu." Akaigonga ile barua kwa kidole. "Na hii naikataa leo. Baba yangu ananiita daktari wa karatasi. Anasema alinisomesha nishike kisu, si kalamu. Lakini kwa kisu ningeokoa mmoja mmoja, Kwamboka. Kwa fomu hii nitawalinda hata nisiowajua."

Phoebe alimwonea huruma. Alikuwa mtu mwema, na furaha yake ilikuwa ya mtu mwema.

"Daktari, kuna fomu moja ina shida."

"Moja haiharibu kitu. Sahihi imekosekana?"

"Hapana. Zipo zote mbili."

"Basi imo kwenye tisini na saba." Akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Akaanza kukaza tai.

Hapo ndipo neno lilipogeuka kooni, kama kawaida yake. Phoebe aliona mlango. Angeweza kusema asante, daktari, akaenda. Fomu ingeingia faili, msimamizi angeondoka, na kesho kitanda cha kumi na moja cha wodi nyingine kingekuwa na majina mawili na sista mmoja.

Aliiweka fomu juu ya barua, akaweka kidole kwenye ile kumi na sita, kisha kwenye ile sita. Daktari Laban aliinama. Mikono yake iliiacha tai.

"Huyu ni yule wa jana jioni," akasema polepole. "Lakini dozi ilikaguliwa. P. Kwamboka. Si ni wewe?" Alimtazama kama anayeomba asaidiwe. "Ulikosea kusoma?"

Njia nyepesi ilikuwa hiyo, amemfungulia mwenyewe. Kosa la macho, la mtu mmoja, la siku moja.

"Sikukosea kusoma," Phoebe alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, mpaka karani wa chumba cha pili akainua kichwa. Hakuishusha. "Jina ni langu, daktari, ila sikuwepo. Huwa tunasaini saa nane, kabla ya sindano. Hata hizo tisini na saba, ni majina tu. Hatukuwepo."