Mkwaju Ambao Aubrey Hakuusema

Katika klabu ile ya gofu ya Surrey, Uingereza, mwamuzi hakuna. Fimbo yako ikisogeza mpira, unasema mwenyewe, unajihesabia mkwaju mmoja wa adhabu, mnaendelea. Aubrey Tillotson aliishika desturi hiyo miaka thelathini na moja, na aliwahubiria wanachama wapya mpaka wakawa wakimwona kwenye baa ya klabu wanapita mlango wa nyuma.

Siku ya fainali ya kombe, kwenye shimo la kumi na moja, mpira wake uliingia katika vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau. Alipoweka fimbo nyuma ya mpira, ukazama, upana wa ukucha tu. Aubrey akaangaza macho. Mpinzani wake, Denholm Rusbridge, rafiki wa tangu ujana, alikuwa ameinama chini ya misonobari akifunga kiatu. Basi mtu mzima yule akapiga, akanyamaza kimya. Shimo wakatoka sare, na kwa haki, kwa mkwaju ule wa adhabu, Aubrey alikuwa amelipoteza.

Walikwenda bega kwa bega hadi la kumi na saba. Hapo Denholm akaweka fimbo nyuma ya mpira, akasita.

"Huu umesogea. Nihesabie mmoja."

"Mimi sijaona kitu, bwana."

"Wewe hujaona. Mpira si wangu?" Akamkazia macho, akangoja.

Aubrey akababaika, akasema naona mvua inakuja. Akachukua shimo lile kwa adhabu ya Denholm, la mwisho, la kumi na nane, wakatoka sare, na kombe likawa lake kwa tofauti ya shimo moja.

Wakati wa chakula, fundi alikwisha kupanda ngazi ukumbini, anaandika jina la bingwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa mabingwa. Alikuwa amefika herufi ya tatu. Aubrey akaisukuma kando sahani ya nyama ya kuoka.

"Bingwa, mbona umenuna?" mmoja akamtania. "Unaogopa kutununulia vinywaji?"

Wakacheka. Yeye alijiona mwizi aliyefunga tai. Mwisho akashindwa kuvumilia, akamvuta Denholm hadi dirishani.

"Shimo la kumi na moja," alisema. "Mpira wangu ulisogea. Nilinyamaza."

"Najua. Nilikuona."

"Si ulikuwa unafunga kiatu?"

"Nilikuwa nimeshakifunga."

"Sasa mbona hukusema, Denholm?"

"Nikusemee wewe? Wewe, Aubrey?" Denholm akageukia kioo cha dirisha. "Na wangu wa kumi na saba haukusogea hata chembe. Nilitangulia mimi kujitaja, nikidhani utaona wepesi kunifuata."

Aubrey alitamani ardhi impasukie. Kuiba ushindi lilikuwa jambo moja. Huu alikuwa amepewa bure, na rafiki aliyekuwa akimwombea aseme neno.

Nahodha wa klabu akagonga glasi kwa kijiko, akamwita. Aubrey akasogea mbele, akafungua kinywa kusema kweli, lakini ukumbi mzima ulikwisha kuinuka unampigia makofi, na Denholm alikuwa anapiga pamoja nao.