Hodi Tatu kwa Adila

Watu walianza kulalamika siku ileile. Naila alikuwa ameketi barazani, simu mkononi, akiyasoma majibu yao kwa sauti ndogo kama mwanafunzi anayesoma matokeo yake mabaya. Bibi yake, Bi Ashatu, alikuwa kando yake akisuka ukili wa mkeka bila kuangalia vidole.

"Huyu anauliza, 'Mmeipata wapi anwani yangu?' Huyu anasema nimtoe haraka. Na huyu wa nyumba ya wageni kule Zinga..." Naila akaigeuza simu kifudifudi.

"Wa Zinga kasemaje?"

"Katukana, Bibi."

"Basi usinisomee."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Naila, binti wa Mikdad, mwana wa kiume wa Bi Ashatu, ndiye aliyemfungulia bibi yake tovuti ya kuuzia mikeka. Bi Ashatu alisuka na kushona pamoja na jirani yake Mwanajuma, na Naila akapiga picha na kupokea oda. Tovuti ilipendeza, lakini watu waliingia, wakatazama, wakatoka, na hakuna aliyekumbuka kurudi. Kwenye mafunzo ya biashara huko Dar, Naila aliambiwa dawa yake ni kukusanya barua pepe za watu, ili kila wiki uwapelekee habari zako wasikusahau. Akaweka kisanduku chini ya picha: andika jina lako, mji wako na barua pepe yako hapa. Wiki nzima wakajiandika watu watatu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, akijaribu kama kisanduku kinafanya kazi. Ndipo alipochoka kungoja. Akachukua anwani za waalikwa wa harusi ya rafiki yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewapelekea kadi kwa barua pepe, akazimimina zote kwenye orodha ya mikeka.

"Hebu niambie, mke mwenzangu," Bi Ashatu alisema, maana ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake. "Umejilaza zako ndani, mara mtu anatokea jikoni kwako na mkeka begani. Hodi hakupiga. Utanunua?"

"Nitapiga kelele."

"Ndizo hizo kelele zao."

Naila akacheka bila kupenda. Akakiri kwamba njia nyingine ipo. Mtu akishaandika anwani yake, hupelekewa kwanza ujumbe wa kumuuliza kama kweli anataka kuandikiwa. Akibonyeza ndiyo, anaingia kwenye orodha. Akinyamaza, haingii. Naila aliiacha njia hiyo kwa sababu wengi hupitiwa, hawabonyezi.

"Watakaobonyeza ndio wenyewe," Bi Ashatu akasema. "Iwashe hiyo."

Waalikwa wa harusi wakatolewa wote na kuombwa radhi mmoja mmoja. Ujumbe mpya wa kuuliza aliutunga Bi Ashatu, Naila akauandika: *Hodi. Sisi ni washona mikeka wa Dunda, Bagamoyo. Ukipenda tukuletee habari zetu kila Ijumaa, bonyeza hapa. Usipopenda hatukuudhi, na tunakutakia heri.*

Tena Naila akasema kwamba anayejiandika lazima apewe kitu, ndivyo walivyofundishwa. Mkeka hauwezi kupelekwa kwa simu, basi wakatoa maarifa: namna ya kuutunza mkeka masika usiote kuvu, uufute kwa kitambaa gani, uuanike upande upi, na kwa nini uuviringishe badala ya kuukunja. Hapo watu wakaanza kuja, polepole, kama wageni wa mwanzo kwenye shughuli.

Kila Ijumaa asubuhi Bi Ashatu alisema na Naila akaandika.

"Bibi, salamu zimejaza ukurasa mzima. Mkeka bado hatujautaja."

"Mtu hujamjulia hali, unamwambia nunua?"

"Hawana muda huo siku hizi."

"Asiye na muda aruke. Andika. Waambie Kitwana katuletea ukindu wa kusukia kwa pikipiki yake, mvua ikamkuta njiani, akavua koti akaufunika ukindu, yeye akaloa. Waambie hivyo hivyo."

Naila akaandika, akiwa na hakika kwamba watu watajitoa. Badala yake wakajibu. Mmoja aliuliza kama Kitwana amepata mafua. Mama mmoja wa Tanga aliandika kwamba ameiviringisha mikeka ya marehemu mama yake kama alivyofundishwa, na akashukuru kwa maneno mazuri mpaka Bi Ashatu akaomba asomewe mara ya pili.

Lakini kila Naila aliposema, "Bibi, kaingia mmoja," Bi Ashatu aliuliza neno lilelile.

"Mwanamke?"

Na kama ni mwanamke: "Wa wapi?"

Akitajiwa Tanga, au Morogoro, au Dar, hujibu, "Na akaribie," na kurudi kwenye ukili wake. Ilimchukua Naila muda kutambua kwamba bibi yake alikuwa anangoja atajiwe Makambako.

Makambako ndiko alikokuwa Adila, binti yake Bi Ashatu, muuguzi huko. Mzee Mbaruku, mume wa Bi Ashatu, alipofariki alfajiri, Adila alipanda basi la kwanza. Huku nyumbani maiti ikaoshwa na kukafiniwa, na wazee wakamwambia Mikdad kwamba maiti haicheleweshwi. Wakangoja mpaka adhuhuri ikapita. Alasiri wakaenda makaburini. Saa hiyo Adila alikuwa ameshafika Chalinze, amebakiza kipande tu. Alipoingia mlangoni, jua halijazama, wanaume walikuwa wamesharudi na miguu ina udongo. Mwanajuma alikuwa amemtunzia sahani ya wali, ameifunika vizuri kwa kawa. Hakuigusa. Alikaa mpaka hitima, akafunga begi lake. Bi Ashatu alikuwa ameingia eda, hatoki nje; alilisikia lile begi likiburutwa ukumbini, likashuka barazani, likapotea. Kumsindikiza mtoto wake hata hadi barabarani hakuweza.

Huu ulikuwa mwaka wa nne. Adila alibadilisha namba ya simu. Habari zilikuja kwa vinywa vya watu: mzima, yuko kazini palepale. Bi Ashatu hakumlaumu yeye wala Mikdad. Alimtamani tu. Alitamani kumsikia akibisha kuhusu chumvi ya mchuzi. Alitamani mkono wake mgongoni, maana ni mkono huo peke yake uliojua mahali panapowasha bila kuelekezwa.

"Bibi," Naila alisema siku moja, "barua pepe ya shangazi ninayo. Aliwahi kunitumia nayo vitabu nikiwa sekondari. Nimwandikie?"

Bi Ashatu akaacha kusuka. Akaulaza ukili mapajani.

"Usimwandikie kwa jina langu."

"Kwa nini?"

"Barua ya mama lazima ijibiwe. Akinyamaza atakuwa amenikosea, na mimi sitaki awe na deni la radhi yangu. Ana moyo mzito, si mtoto mbaya." Akauokota tena ukili. "Lakini hawa watu wa Ijumaa, wao hawalazimiki kujibu?"

"Wao wanasoma tu, Bibi. Wakitaka."

"Basi mpigie hodi kama wengine. Mara tatu, kama dini ilivyotufundisha. Akinyamaza mara zote tatu, tunaondoka, na wala hatununi."

Naila akaiandika anwani ya Adila kwenye kisanduku. Hodi ya kwanza ikaenda. Ijumaa ikaja, ikapita. Bi Ashatu hakuuliza kitu, ila kila simu ilipolia, kidole chake kilikosea njia kwenye ukili akalazimika kufumua.

Baada ya mwezi wakapiga ya pili. Kimya.

Jioni moja Mikdad alikuja kuwaletea mafuta ya taa na mkate, akawakuta wanabishana kama ya tatu ipelekwe sasa au baada ya Ramadhani. Naila akatamani kuificha simu, lakini baba yake alikuwa ameshasikia.

"Anajibu?" aliuliza.

"Hajajibu," mama yake akasema. "Kaa, mwanangu, mbona umesimama kama mdai."

Mikdad akakaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaishika magotini. "Mimi siku ile nilikuwa natupa udongo huku natazama barabara," alisema. "Kila gari likipita nasema, ni yeye. Sijawahi kumwambia mtu."

Bi Ashatu alimkatia mkate, akampakia siagi mwenyewe, kama alivyokuwa akimpakia alipokuwa mdogo. Mikdad akala. Alipoinuka kwenda alisema, "Msingoje Ramadhani."

Hodi ya tatu ikaenda usiku uleule.

Asubuhi Naila alikuja mbio kutoka chumbani na nywele hazijachanwa. "Bibi! Kaingia mmoja!"

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Wa Makambako."

Bi Ashatu akainuka bila kuutua ukili. Akashika nguzo ya baraza. Mwanajuma, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, akaitua chini, akaja akamshika bega.

"Kaandika chochote?" Bi Ashatu aliuliza hatimaye.

"Hapana. Kabonyeza tu. Bibi, sasa nimwandikie? Nimwambie baba alivyosema?"

"Hapana. Kasema karibuni kwa habari za mikeka. Tutampelekea za mikeka."

Ijumaa hiyo Bi Ashatu alisema maneno mengi kuliko siku zote, na Naila hakukata hata moja. Alieleza rangi iliyoharibika kwa mvua. Alieleza kwamba ameanza kupunguza chumvi kwenye mchuzi, kwa kuwa macho na miguu ya wazee haviitaki, na kwamba mtu mmoja alimwambia hivyo zamani naye akabisha. Alimtaja Mikdad, kwamba hajambo, ameanza kuota mvi, na anawasalimu wateja wote, walio karibu na walio mbali. Watu wa Tanga na Morogoro wakasoma, wengine wakajibu salamu. Makambako kimya. Ijumaa ikafuata Ijumaa. Naila alikuwa na uwezo wa kuona kwenye simu nani kafungua barua na nani hakufungua, na siku moja akataka kumwonyesha bibi yake, lakini Bi Ashatu akaweka kiganja juu ya kioo.

"Mtu kakukaribisha ukumbini, usimchungulie chumbani."

Ramadhani ikaja, ikaisha. Wiki ya pili baada ya Idi, oda ikaingia. Naila aliisoma kimoyomoyo, kisha akaisoma kwa sauti, taratibu, apate kuifikisha mwisho.

"'Assalaam aleikum. Naomba mkeka wa kulalia, wa watu wawili. Ukingo uwe mwembamba wa zamani, si huo mpana mliouweka kwenye picha, unaharibu mkeka. Msinitumie kwa basi. Nitaufuata mwenyewe.'"

Jina halikuandikwa. Bi Ashatu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukatika, akawa anayafuta kwa upindo wa kanga huku bado anacheka.

"Kakosoa ukingo! Mwanajuma, njoo usikie, kakosoa ukingo wangu! Ndiye. Ndiye mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kasema anakuja lini?"

"Hakusema, Bibi."

"Hakusema." Bi Ashatu akatazama barabara, ambayo haikuwa na mtu ila mbuzi wawili. Kisha akajifunga kanga vizuri. "Haya. Mjibu kama unavyomjibu kila mteja. Mwambie mkeka wake upo tayari, aje siku yoyote."

"Upo tayari wapi, Bibi? Hata ukindu hatujautia rangi!"

"Andika upo tayari," Bi Ashatu akasema, huku ameshaanza kuinuka. "Ukimaliza, kawashe moto tuchemshe rangi."