Karani Aliyepewa Ngao

Sayari ya Kibuye ilianguka Jumamosi moja ya Agosti mwaka 1999, saa tisa alasiri, mbele ya mashahidi watatu. Aliyeiangusha ni mimi, Ochieng', wa kidato cha tatu. Naeleza hapa kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa katika shule za bweni kueleza makosa yetu: nani, wapi, lini, na viboko vingapi.

Shangazi yangu, Mama Adero, aliuza mitumba ya watoto katika soko la Kibuye, na mara nyingine ndani ya belo la nguo mlitokea vitu visivyo nguo. Mwaka 1990, ndani ya sweta ya manjano, walitoka wanasesere wawili wa plastiki, watu wa anga za juu. Hawakuwa na boksi wala karatasi ya maelezo. Mimi na binti yake, Adero, tulikuwa na miaka saba. Tukawabatiza wenyewe.

Mmoja alikuwa mweusi, mwenye pembe mbili na mkono mmoja. Ule mwingine sijui aliuacha nchi gani. Tulimtazama tu tukajua ni mtu wetu. Tukamwita Jatelo, maana yake kiongozi kwa Kijaluo. Wa pili alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi buti, meno yote nje, na mkononi ameshika kitu bapa kama kibao. Huyo hatukumjadili. Mtoto yeyote aliyekulia chini ya meza ya mitumba anamjua mtu huyo: ni karani wa soko, anayepita na kibao chake akiandika nani ameketi wapi bila ruhusa. Tukamwita Karani. Kwa miaka tisa Karani alitawanya nguo za akina mama wa Sayari ya Kibuye, yaani soko letu likiwa angani, na kwa miaka tisa Jatelo aliziokota kwa mkono mmoja.

Mimi nilichora, Adero alitunga. Shuleni kwangu daftari zetu za katuni zilisomwa hadi zikawa laini kama chapati, na mbili ziko kwa mwalimu wa zamu mpaka leo. Ndipo likizo hiyo jirani yetu Seif akatuletea habari: mjomba wake, Bwana Saleh, ameingiza intaneti katika ofisi yake ya kupiga chapa na simu pale mjini, na mtu akiweka picha humo inasomwa hadi Ulaya. Seif, aliyeiendesha kompyuta hiyo na mashine ya kuingizia picha, alitaka malipo ya aina moja tu: naye achorwe. Tukamfanya rubani. Akataka misuli. Tukampa.

Shida ni kwamba intaneti ya Bwana Saleh iliishi ndani ya simu, na laini ilikuwa moja. Mteja akiinua mkonga kupiga Nairobi, ukurasa wetu uliokuwa umesafiri nusu saa unafia njiani. Ukurasa wa nne tuliutuma mara sita. Mara moja uliuawa na mzee kutoka Awasi aliyepiga kumwuliza mwanawe kama alipata simu yake ya jana. Niliuma kola ya shati langu mpaka ikatoboka.

Baada ya wiki mbili tulikuwa na kurasa kumi na moja, na kihesabio kidogo kilichosema tumesomwa mara tisa. Mara saba ni sisi wenyewe.

Jumatano ikaja barua pepe. Chini ya unyayo wa Jatelo kulikuwa na herufi ndogo za kiwandani, na Seif alikuwa ameziandika juu kwenye tovuti yetu ili tuonekane watu wa maana. Kwa herufi hizo bwana mmoja wa Kanada alitupata. Yeye alitunza tovuti kubwa ya wapenzi wa wanasesere hao, ambao kumbe kwao wanaitwa Walinzi wa Zohali. Alisifu michoro yangu. Kisha, kwa adabu sana, akasema tumekosea kila kitu. Mwenye pembe ni Mfalme Mwovu, mchomaji wa sayari. Shujaa ni yule mweupe, na alichoshika si kibao, ni ngao. Tukirekebisha ukurasa wa kwanza kabla ya Ijumaa, atatuweka kwenye orodha yake inayosomwa na maelfu.

"Ngao?" Adero akasema. "Ngao ya kujikinga na nani, na mama yangu?"

"Waliomtengeneza ndio wanasema."

"Waliomtengeneza hawajamwona kazini. Mwambie asante, arudi kulala."

"Maelfu, Adero. Sisi tuna tisa."

"Tuna wawili wa kweli. Wanatosha kuanzia."

Nikasema sawa. Mimi nikisema sawa haraka hivyo, mwalimu wangu wa bweni huwa anahesabu upya vijiko.

Alhamisi Adero alifuatana na mama yake kuuza nguo soko la Otonglo. Mimi nikachukua wembe na ukurasa wa kwanza, ule ambao Jatelo anasimama mbele ya akina mama na Karani anamjia. Nikakwangua jina la Jatelo nikaandika Mfalme Mwovu. Nikakwangua jina la Karani nikaandika Shujaa. Jatelo nikamwongezea mkono wa pili wenye upanga, maana mwovu mwenye mkono mmoja anatia huruma. Seif aliutuma mara nne ndipo ukafika.

Kufikia Jumamosi kihesabio kilisema mia mbili na kumi na nne. Nilikuwa nimekaa nacho kama kuku na yai, nikitunga namna ya kumweleza Adero, alipoingia mwenyewe ofisini.

"Fungua tuone," akasema. "Labda tumepata mtu wa tatu."

Seif ghafla akawa na kazi nyingi ya kupanga karatasi.

Asiyeijua intaneti ile aelewe kwamba picha haikuja yote kwa pamoja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Zikatokea pembe. Adero akatabasamu. Likatokea paji la uso. Majina yalikuwa chini, karibu na miguu. Nilikuwa na kama dakika kumi za kuishi.

Kwenye benchi alikaa Mzee Dalmas, mteja aliyekuwa anapumzika.

"Mzee," nikamwambia, "si ulitaka kupiga simu Bondo?"

"Nimeshapiga."

"Piga tena, Mzee. Huenda wamesahau."

"Watu wangu si wajinga, kijana."

Mabega yakatokea. Nikanyoosha mkono, nikainua mkonga mwenyewe, nikasema "Halo?" kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Picha ikafa.

"Rudisha simu, Ochieng'," Adero akasema bila kugeuka. "Seif, anza upya."

Zikashuka pembe tena. Paji. Bega. Halafu, upande ambao kwa miaka tisa haukuwa na kitu, kikaanza kushuka kitu.

"Huo mkono umetoka wapi?"

Akaungoja mkono uishe. Akaungoja upanga. Akayasoma majina yote mawili, halafu mstari wa mwisho: *Imetungwa na Adero.*

"Angalia kihesabio," nikasema. "Mia mbili na kumi na nne!"

"Nimekiona. Mama yangu anakimbia na belo kichwani kila huyu akija, na wewe umempa ngao. Halafu chini umeacha jina langu." Hakupaza sauti, afadhali angenipiga. "Yawa, jamani, ungeandika lako."

"Nitaurudisha ulivyokuwa. Leo."

"Haya. Nakutazama."

Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeuharibu kwa wembe, kwa hiyo nikachora mwingine hapo hapo kaunta, nikiwa nimetoa jasho kama niko kwenye mtihani. Safari hii niliandika majina juu kabisa. Bwana Saleh hufunga saa kumi na moja, Jumapili hafungui, na Jumatatu alfajiri mimi ni wa kurudi shule. Saa kumi na robo Seif akautuma. Ukafika robo. Ukafika nusu.

Mzee Dalmas akainuka, akajinyoosha, akachukua mkonga.

"Mzee, hapana!"

"Kijana, nimefikiria ulivyosema," akajibu huku akizungusha namba. "Huenda kweli wamesahau."

Alizungumza na Bondo mpaka Bwana Saleh alipokuja na kufuli.

Kwa hiyo hadi leo, muhula mzima sasa, kwenye intaneti kuna nusu ya Jatelo: jina lake, pembe zake, bega moja, kisha kijivu kitupu. Kama Mkanada ametufuta, sijui. Kama maelfu wamekuja, sijui. Shuleni kwetu kuna simu moja, na iko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Usiku wa kwanza bwenini kiranja alikagua masanduku. Chini ya blanketi langu akatoa mwanasesere mweupe mwenye meno yote nje.

"Nini hii, Ochieng'?"

Jatelo amebaki kwa Adero. Mimi, Adero alinipakia Karani.