Sungura Wanakula, Yanamwingia Mjomba

Asubuhi ile mtafiti alimfunga sungura mwenye doa kwa taulo, akamtoa damu kwenye mshipa wa sikio. Kwa wiki kadhaa sungura wa maabara walikuwa wakilishwa pumba zilizochanganywa na viini vya mayai na mafuta magumu ya kiwandani. Sungura akilishwa hivyo, kolesteroli yake hupanda kama moshi. Ya huyu ilikuwa imetulia tuli. Ya wenzake vilevile.

Iliyopanda ni ya mjomba wa mtafiti, mwenye kiwanda cha mafuta hayo na maabara yake, ambaye hakugusa mafuta kabisa. Yeye na mboga za kuchemsha walikuwa chanda na pete.

Mtafiti hakubishana na damu. Aliwapa sungura mafuta ya alizeti badala ya yale magumu, akaondoa na viini. Damu ya mjomba ikashuka. Akarudisha chakula cha kwanza. Ikapanda, na mjomba akaanza kuhema hata akifunga kamba za viatu. Mtafiti akamfuata ofisini.

"Sungura wanakula mafuta, yanakuingia wewe, Mjomba."

"Sungura yupi?"

"Wote. Ila mwenye doa ndiye mlafi."

Mjomba akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Nikimwangalia, nashiba. Haya, kuanzia leo wape majani matupu."

"Na mafuta yenyewe?"

"Yamekosa nini? Si umesema sungura hawajadhurika?"

"Hawajadhurika wao. Watu je? Mama anapikia hayo kila siku."

Mjomba akatafakari, maana huyo alikuwa dada yake, tumbo moja. "Akiyala yeye, yananiingia mimi?"

Mtafiti alikwisha kumpima mama yake damu. "Hapana. Yanamwingia mwenyewe."

"Basi hapo hakuna ajabu, mwanangu. Ni mambo ya kawaida."

Makopo mapya ya mafuta yakaingia madukani yakiwa na picha ya sungura mnene, na chini yake: Yamepimwa maabara.

Jumapili mtafiti alimpelekea mama yake chupa ya alizeti, akamweleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaifungia chupa kabatini. Kisha akachota kijiko kilichojaa kutoka kwenye kopo lenye picha ya sungura, akakitia kikaangoni na kuvunjia yai.

"Kaka yangu simsusi," alisema.

Yai likachemka ukingoni, likanukia nyumba nzima. Mama akaligawa nusu kwa nusu. Mtafiti akavuta kiti, akala, na kwa kweli lilikuwa tamu.